Kutoka sebuleni hadi mahakamani: Jinsi wanawake wa Kilatino walivyobadilisha sheria za Marekani

KATIKA mji wa Stockton, jimbo la California nchini Marekani, mwalimu mmoja wa shule ya msingi alichoka kuwatazama wanafunzi wake wakiingia darasani miguu mitupu na matumbo matupu. Wazazi wao walikuwa vibarua wa mashambani, watu waliochuma matunda na mboga za taifa zima huku watoto wao wenyewe wakilala njaa.

Mwalimu huyo, Dolores Huerta, aliiacha chaki. Aliona kwamba angewasaidia watoto hao zaidi kwa kuwaunganisha wazazi wao kudai haki kuliko kwa kuwafundisha kusoma wakiwa na njaa. Mnamo 1955 alishiriki kuanzisha tawi la Stockton la Community Service Organization, shirika la kijamii lililokuwa limeundwa Los Angeles mnamo 1947 kuwatetea raia wenye asili ya Meksiko.

Uamuzi huo wa mwalimu mmoja ni sehemu ya historia ndefu ambayo wengi nje ya Marekani hawaijui. Ni historia ya wanawake ambao hawakuwa na vyeo, wala mali, na mara nyingine hata Kiingereza hawakukijua vyema, lakini ambao kupitia mashirika madogo ya mitaani walifaulu kubadilisha sheria za taifa lenye nguvu kuliko yote duniani.

Swali linalostahili kuulizwa ni hili: walifauluje?

Latina ni nani?

Neno Latina hutumiwa Marekani kumrejelea mwanamke mwenye asili ya nchi za Amerika ya Kilatini, iwe ni Meksiko, Puerto Rico, Kuba, El Salvador, Kolombia au kwingineko. Baadhi yao ni wahamiaji wa jana na juzi. Wengine ni wazawa wa maeneo kama vile Texas, New Mexico na California, ambayo yalikuwa sehemu ya Meksiko kabla ya Marekani kuyatwaa katikati ya karne ya 19.

Sensa ya 2020 ilionyesha kwamba Walatino walikuwa milioni 62.1, karibu mtu mmoja kati ya kila watano nchini humo. Hata hivyo, wingi wa watu haukuandamana na wingi wa sauti. Kwa miongo mingi, maamuzi kuhusu shule zao, hospitali zao na hewa waliyoivuta yalifanywa na watu ambao hawakuishi miongoni mwao.

Pengo hilo ndilo lililozibwa na mashirika ya kijamii yasiyo ya kutafuta faida. Na ndani ya mashirika hayo, aghalabu wanawake ndio waliokuwa mhimili, ingawa jina la kiongozi lililoandikwa mlangoni lilikuwa la mwanamume.

Kikao cha sebuleni

Ili kuelewa nguvu ya wanawake hawa, ni sharti kwanza kuelewa mbinu waliyoitumia. Community Service Organization haikuanza kwa mikutano ya hadhara wala hotuba za majukwaani. Ilianza kwa vikao vya nyumbani.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Mwenyeji mmoja aliwaalika jamaa na majirani wachache sebuleni mwake. Mwandalizi kutoka shirika alifika, akaeleza kwa ufupi nia yake, kisha akasikiliza. Kila mmoja alieleza lililomkera: barabara isiyo na taa, polisi wanaowapiga vijana, mzee aliyenyimwa malipo ya uzeeni kwa kuwa hakuwa na uraia.

Kabla ya kuagana, kila aliyehudhuria aliombwa awe mwenyeji wa kikao kingine. Haba na haba hujaza kibaba. Baada ya majuma kadhaa, mtaa mzima ulikuwa umeshaketi na kuzungumza, na ndipo mkutano mkubwa ulipoitishwa kuchagua viongozi na kuamua ni jambo gani litakaloshughulikiwa kwanza.

Mbinu hii iliwafaa wanawake kwa namna ya pekee. Mama aliyeona haya kusimama mbele ya umati hakuona haya kuzungumza akiwa jikoni kwa jirani yake. Mama asiye na wa kumwachia watoto alikwenda nao. Hivyo, waliokuwa kimya hadharani wakawa wasemaji hodari, na wengi wakagundua kwamba masaibu waliyoyadhania kuwa yao binafsi yalikuwa ya mtaa mzima.

Huerta aliyachukua malalamiko hayo hadi Sacramento, makao makuu ya jimbo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa miongoni mwa waliowashawishi wabunge wa jimbo kuondoa sharti la uraia kwa wazee waliohitaji msaada wa serikali, ili watu waliokuwa wamefanya kazi California maisha yao yote wasizeeke katika ufukara.

Mnamo 1962, shirika lilipokataa kuwashughulikia vibarua wa mashambani, Huerta na mwenzake César Chávez walijitenga na kuanzisha chama ambacho baadaye kilikuja kuwa United Farm Workers. Mnamo Septemba 1965, wafanyakazi wa asili ya Ufilipino walipoanza mgomo katika mashamba ya zabibu ya Delano, chama hicho kiliungana nao. Kampeni ya kuwataka wanunuzi kote Marekani wasusie zabibu ilifuata, na Huerta akawa miongoni mwa walioiongoza. Mnamo 1970, wakulima wakubwa wa Delano walitia saini mikataba na chama.

Sheria ya kitaifa ya kazi ya 1935 ilikuwa imewatenga vibarua wa mashambani. Ni mnamo 1975 tu ambapo California ilipitisha sheria yake yenyewe iliyowapa haki ya kuunda vyama na kujadiliana na waajiri. Miaka 40 ilikuwa imepita.

Harakati hizo hazikukosa gharama. Mnamo 1988, akiwa na umri wa miaka 58, Huerta alipigwa na polisi katika maandamano mjini San Francisco hata akavunjika mbavu na kuondolewa wengu. Alipopona, alizidi kujishughulisha na kuwahimiza wanawake kuwania nyadhifa za kisiasa. Mnamo 2002 alitunukiwa zawadi ya dola 100,000, akazitumia kuanzisha wakfu wenye jina lake.

Wakfu huo ulirejea kwenye mbinu ile ile ya sebuleni, ukiwaandaa wakazi wa maeneo maskini ya bonde la kati la California kudai lami, taa za barabarani na nafasi ya kusikizwa katika bodi za shule. Mnamo 2012, Rais Barack Obama alimtunuku Huerta Nishani ya Uhuru ya Rais. Katika hafla hiyo, Obama alikiri kwamba kaulimbiu ya kampeni yake ya 2008 ilitokana na maneno ya Kihispania aliyoyabuni Huerta mnamo 1972: "Sí, se puede," yaani, inawezekana.

Mwalimu wa New York

Upande wa pili wa Marekani, mwalimu mwingine alikuwa akikabiliana na tatizo tofauti. Antonia Pantoja alizaliwa San Juan, Puerto Rico, mnamo 1922, akahamia New York mnamo 1944 na kufanya kazi viwandani kabla ya kurudi masomoni.

Aliwakuta vijana wa Puerto Rico wakiacha shule kwa wingi. Walimu wengi hawakuielewa lugha yao, nao wanafunzi hawakuielewa lugha ya walimu. Mtoto mwerevu aliyewasili juzi alihesabiwa kuwa mzito wa akili kwa sababu tu hakuweza kujibu kwa Kiingereza.

Mnamo 1961, Pantoja alianzisha ASPIRA, jina linalotokana na neno la Kihispania lenye maana ya kuwa na matumaini ya kufika mbali. Shirika hilo liliunda vilabu vya wanafunzi shuleni, likawapa washauri, likawasaidia kujaza fomu za vyuo vikuu na kuwafundisha historia ya kwao. Lengo lake halikuwa kuwafadhili vijana wachache wenye bahati, bali kukuza kizazi cha viongozi ambao wangerudi kuitumikia jamii.

Mnamo 1972, ASPIRA iliishtaki bodi ya elimu ya jiji la New York. Kesi hiyo haikufika kwenye hukumu, kwani mnamo 1974 pande mbili ziliafikiana mbele ya mahakama: watoto wasiokimudu Kiingereza wangefundishwa masomo kwa Kihispania huku wakijifunza Kiingereza. Makubaliano hayo yaliwagusa makumi ya maelfu ya watoto.

Msomaji wa Afrika Mashariki, ambako mjadala kuhusu lugha ya kufundishia haujawahi kwisha, hatashindwa kuona uzito wa jambo hilo. Mtoto anayefundishwa kwa lugha asiyoielewa huadhibiwa kwa kosa ambalo si lake.

Pantoja alipokea Nishani ya Uhuru ya Rais mnamo 1996, mwanamke wa kwanza wa asili ya Puerto Rico kupewa heshima hiyo. Aliaga dunia mnamo 2002.

Siri ya wodi ya wazazi

Huenda hakuna kisa kinachodhihirisha umuhimu wa mashirika haya kuliko kile kilichotokea Los Angeles katika miaka ya 1970.

Katika hospitali kuu ya kaunti ya Los Angeles, wanawake wenye asili ya Meksiko waliofika kujifungua walikuwa wakifungwa uzazi kabisa. Wengine walipewa fomu za Kiingereza, lugha wasiyoijua, wakatakiwa kuzitia saini wakiwa katikati ya uchungu wa kuzaa. Wengine waliamini kwamba wanakubali upasuaji wa kumtoa mtoto tu. Baadhi hawakujua walilotendewa hadi baadaye.

Daktari mmoja kijana wa hospitali hiyo, Bernard Rosenfeld, alikusanya ushahidi kwa siri na kuutoa. Mwanasheria Antonia Hernández, ambaye wakati huo alikuwa ndiyo kwanza ahitimu, alikwenda nyumba kwa nyumba akiwatafuta waathiriwa. Kazi ilikuwa ngumu. Wapo waliokuwa hawajawaambia hata waume zao.

Mnamo 1975, wanawake 10 waliwasilisha kesi iliyokuja kujulikana kwa jina la Madrigal dhidi ya Quilligan. Waliungwa mkono na Comisión Femenil Mexicana Nacional, shirika la wanawake lililoundwa mnamo 1970, ambalo Gloria Molina aliliongoza.

Mnamo 1978, jaji aliamua kwamba madaktari hawakuwa na hatia. Kwa maoni yake, kilichotokea kilikuwa hitilafu ya mawasiliano. Alisema pia kwamba madaktari hawangeweza kujua jinsi utamaduni wa wanawake hao ulivyothamini kupata watoto, kana kwamba ni mila tu, wala si utu, inayomfanya mwanamke aumie kwa kunyimwa uzazi bila hiari yake.

Kesi ilishindwa, lakini haikwisha. Ushahidi wa wanawake 10 ulikuwa umetoka hadharani, na mashirika yaliutumia kuibana serikali. Fomu za hospitali zilianza kutolewa kwa Kihispania. Mnamo 1979, California ilifuta sheria yake kongwe iliyoruhusu watu kufungwa uzazi kwa lazima katika taasisi za jimbo.

Wakati uo huo, mjini New York, daktari Helen Rodríguez Trías, mwenye asili ya Puerto Rico, alikuwa amewaunganisha madaktari na wanawake wa kawaida kupinga uovu huo huo. Kanuni za serikali kuu zilizoanza kutumika mnamo 1979 zilisema kwamba lazima siku 30 zipite kati ya ridhaa na upasuaji, na kwamba mhusika aelezwe kwa lugha anayoielewa. Mnamo 1993, Rodríguez Trías alikuwa Mlatina wa kwanza kuongoza chama cha kitaifa cha wataalamu wa afya ya umma.

Molina naye aliingia siasa. Alichaguliwa kuwa mbunge wa jimbo mnamo 1982, diwani wa jiji mnamo 1987, na mnamo 1991 akaingia katika bodi ya wasimamizi wa kaunti ya Los Angeles, Mlatina wa kwanza katika kila mojawapo ya nyadhifa hizo. Bodi hiyo ndiyo iliyosimamia hospitali ile ile. Hernández aliliongoza shirika la kisheria la MALDEF kutoka 1985 hadi 2003. Mnamo 2018, bodi ya kaunti iliomba msamaha rasmi kwa wanawake waliodhulumiwa. Miaka 40 ilikuwa imepita tangu jaji awanyime haki.

Watoto nje ya lango la shule

MALDEF, shirika linalowatetea Walatino mahakamani, lilikuwa tayari limewahi kuongozwa na mwanamke. Vilma Martínez alishika usukani mnamo 1973, akiwa kijana wa miaka 29, na kuliongoza hadi 1982.

Katika kipindi hicho, Texas ilikuwa na sheria iliyoziruhusu shule za umma kuwakatalia watoto wasio na vibali vya kuishi nchini. Katika mji wa Tyler, wazazi wa watoto hao walitakiwa kulipa karo ya dola 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto, kiasi ambacho kibarua hakuweza hata kukiota.

MALDEF ilienda kortini mnamo 1977. Juni 1982, Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura tano dhidi ya nne, iliamua kwamba mtoto hawezi kunyimwa elimu ya umma kwa sababu ya hali ya uhamiaji ambayo hakuichagua yeye. Uamuzi huo, ambao hujulikana kama Plyler dhidi ya Doe, umefungulia milango ya shule mamilioni ya watoto.

Vitambaa vyeupe vichwani

Si kila ushindi ulipatikana mahakamani. Mnamo 1984, kampuni ya washauri iliiandikia bodi ya taka ya California ripoti kuhusu mitaa ambayo haingeweza kupinga kwa nguvu ujenzi wa vinu vya kuchomea taka. Miongoni mwa sifa zilizotajwa ni umaskini, elimu ndogo na ufuasi wa Kanisa Katoliki. Sifa hizo zilifanana mno na zile za mitaa ya Los Angeles Mashariki.

Serikali ya jimbo ilikuwa pia na mpango wa kujenga gereza karibu na mitaa hiyo, ambayo tayari ilikuwa imekatwakatwa na barabara kuu na kujaa viwanda. Akina mama wa parokia, wakiwemo Juana Gutiérrez na Aurora Castillo, waliungana na kuunda kundi la Mothers of East Los Angeles, yaani Akina Mama wa Los Angeles Mashariki.

Wengi wao hawakuwa wamewahi kushiriki siasa. Walichokuwa nacho ni mtandao wa kanisa, wa shule na wa ujirani, mithili ya chama cha akina mama katika kijiji chochote cha Kenya. Walijua nani anaishi wapi, nani anaaminika, na simu ya nani ipigwe kwanza. Katika majira ya joto ya 1986 waliandamana kila Jumatatu wakiwa wamejifunga vitambaa vyeupe vichwani.

Mpango wa kinu cha taka uliachwa mnamo 1991. Mpango wa gereza ulitupwa mnamo 1992. Mnamo 1995, Castillo, ajuza aliyekuwa amefikisha umri wa miaka 80, alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman, tuzo ile ile ambayo Mkenya Wangari Maathai aliipokea mnamo 1991. Wote wawili walitambuliwa kwa jambo moja: kuwaonyesha wanawake wa kawaida kwamba ardhi wanayoikalia ni haki yao kuilinda.

Baada ya ushindi, akina mama hawakuvunja kundi, ingawa tofauti za uongozi ziliwagawanya katika makundi mawili. Kundi la Gutiérrez liliingia katika mradi wa kugawa vyoo vinavyotumia maji kidogo, likalipwa ada kwa kila choo kilichowekwa, na fedha hizo zikawaajiri vijana wa mtaani na kuwafadhili wanafunzi.

Sheria inaruhusu nini?

Wasomaji wengi hujiuliza inawezekanaje shirika la hisani kuishtaki serikali au kuwashawishi wabunge. Jibu limo katika sheria ya kodi ya Marekani.

Shirika la hisani huondolewa kodi, na wafadhili wake hupata nafuu ya kodi wanapotoa mchango. Badala yake, sheria inalikataza kabisa kumpigia debe au kumpinga mgombea yeyote wa kisiasa. Marufuku hayo yamekuwepo tangu 1954.

Hata hivyo, shirika linaweza kuwaelimisha raia kuhusu haki zao, kuwaandikisha wapiga kura bila kupendelea chama, kufanya utafiti na kwenda mahakamani. Kuwashawishi wabunge kuhusu mswada kunaruhusiwa pia, ila kwa kiasi. Tangu 1976, shirika linaweza kuchagua kupimwa kwa kiwango maalumu cha fedha linazotumia katika kazi hiyo.

Kwa hivyo mpaka ni mwembamba, na viongozi wanawake walilazimika kuujua vyema. Ndiyo maana baadhi yao waliondoka katika mashirika walipotaka kuwania viti, huku wengine wakibaki ili waweze kuikosoa serikali bila kujali ni chama gani kinachotawala.

Sauti kutoka mashambani

Kazi ya kizazi cha kwanza imerithiwa. Mnamo 1992, Mily Treviño-Sauceda, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa kibarua, alishiriki kuanzisha Líderes Campesinas, shirika la wanawake wa mashambani California. Lilijishughulisha na mambo ambayo vyama vya wafanyakazi havikuyapa kipaumbele: dhuluma za kijinsia zinazotendwa na wanyapara, vipigo vya nyumbani na sumu za kunyunyizia mimea.

Novemba 2017, wakati waigizaji maarufu wa filamu walipokuwa wakifichua waliyotendewa na wakubwa wao, muungano wa kitaifa wa wanawake wa mashambani, Alianza Nacional de Campesinas, uliwaandikia barua ya wazi. Kwa niaba ya wanawake wapatao 700,000 wanaofanya kazi mashambani na katika viwanda vya kufungasha mazao, barua hiyo iliwaambia waigizaji hao kwamba wanaaminiwa na hawako peke yao.

Lilikuwa jambo la kushangaza. Maskini ndiye aliyemfariji tajiri. Barua hiyo ilichochea waigizaji kuunda, Januari 2018, mfuko wa kuwalipia wanasheria wanawake wa kipato cha chini wanaodhulumiwa kazini.

Mwisho wa 2018, Teresa Romero, mhamiaji kutoka Meksiko, alikabidhiwa uongozi wa United Farm Workers, chama kile kile alichokianzisha Huerta. Janet Murguía naye alianza kuliongoza mnamo 2005 shirika kubwa la kitaifa ambalo sasa linaitwa UnidosUS.

Milima iliyosalia

Licha ya mafanikio hayo, safari haijafika mwisho. Kikwazo cha kwanza ni fedha. Makadirio ambayo yamenukuliwa kwa miaka mingi katika sekta ya ufadhili huonyesha kwamba mashirika ya Walatino hupata chini ya asilimia 2 ya misaada ya wakfu za Marekani, ilhali Walatino ni karibu asilimia 19 ya watu wote. Matokeo yake ni kwamba viongozi wengi hutumia muda mwingi wakiandika maombi ya fedha kuliko kuketi na wananchi.

Kikwazo cha pili kiko ndani. Shirika linapokua, likapata ofisi na wataalamu wenye shahada, kuna hatari ya yule mama wa sebuleni kugeuzwa kuwa picha ya kupamba ripoti ya mwaka. Anahojiwa, lakini haamui.

Kikwazo cha tatu ni siasa. Mnamo 2025, serikali ya Rais Donald Trump ilipopanua misako ya wahamiaji, Los Angeles ilikuwa miongoni mwa miji iliyotikiswa zaidi. United Farm Workers na CHIRLA, shirika la kutetea wahamiaji ambalo Angelica Salas ameliongoza tangu 1999, walikuwa miongoni mwa waliokwenda mahakamani kupinga watu kukamatwa kwa kuangaliwa sura, lugha au kazi wanayofanya.

Julai mwaka huo, jaji mmoja alizuia ukamataji wa aina hiyo. Septemba, Mahakama ya Juu ilisimamisha zuio hilo huku kesi ikiendelea. Kwa familia ambazo zilikuwa zimeanza kupumua, hofu ilirejea.

Lakini historia iliyosimuliwa hapa inatoa funzo moja. Wanawake 10 walioshindwa mahakamani mnamo 1978 hawakubadilisha nia ya jaji, ila walibadilisha sheria. Waliweza kwa sababu hawakuzungumziwa na wengine. Walisema wenyewe, kwa lugha yao, mbele ya watu waliotarajia wanyamaze, na nyuma yao kulikuwa na shirika lililohakikisha kwamba maneno yao hayapotei baada ya mlango wa korti kufungwa.

Hiyo ndiyo siri ya mashirika haya, na ndicho kipimo cha shirika lolote linalodai kuwatetea wanyonge, liwe Los Angeles au Nairobi. Mvaaji ndiye ajuaye kiatu kinambana wapi. Kiongozi mwema ni yule anayeketi naye sebuleni, akamsikiliza, kisha akamfungulia mlango aende kusema mwenyewe.